Ng'ombe wa Masakta kwenye Bomba la Mhandisi

Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo Fausta aliweka ndoo ya njano chini ya bomba la uani, akalifungua nusu, akaenda jikoni kuwasha moto. Hakuwa na haja ya kurudi kuangalia. Ndoo ikikaribia kujaa, sauti ya maji hubadilika. Asubuhi ya siku ya tisa baada ya mazishi ya baba yake, sauti haikubadilika. Kuni zilishika, chai ikachemka, na maji yakaendelea kulia vilevile. Akatoka.

Ng'ombe mwekundu alikuwa ameingiza mdomo ndani ya ndoo. Nyuma yake walisimama wengine arobaini na wawili, kwa foleni, hadi barabara ya Dongobesh.

Walikuwa wamekufa zamani. Ngozi zao zilikuwa kavu kama ngozi za kukalia, na mwanga wa asubuhi ulipita katikati ya mbavu. Walikunywa kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, na maji yakadondoka chini kupitia matumboni mwao. Fausta akaleta ndoo ya pili.

"Ni wa nani?" aliuliza mama yake, Getruda, kutoka dirishani.

"Sijui, mama. Masikio yana alama za kule Hanang."

"Basi waache wanywe," mama yake alisema, akafunga dirisha.

Walirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Jirani yao, Perpetua, alikuja kulalamika kwa Getruda.

"Mama Benedict, mimi na ng'ombe wafu hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni haragwe. Wanalitafuna, halafu linadondoka lote chini! Ng'ombe hashibi, na mimi sivuni."

Bwana mifugo naye akafika na daftari. Aliwatazama meno, akasema chanjo hawahitaji tena, akanywa chai, akaondoka.

Fausta hakuwa na nafasi ya kuwafikiria sana. Siku ya mazishi wasifu wa marehemu ulisomwa kwa dakika tatu tu, maana mvua ilikuwa inakuja. Wasifu kamili ulisubiri misa ya arobaini, na kaka yake, Benedict, aliamua kwamba Fausta, mwenye diploma ya maendeleo ya jamii, ndiye aandike, na ndiye asome. Fausta alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa hata akiulizwa bei ya nyanya. Alikubali kwa sababu ya baba.

Mambo ya kuandika yalikuwepo mengi. Baba yake, Mhandisi Hermani, aliishi miaka sabini na sita. Alileta maji ya mserereko, yanayoteremka yenyewe bila pampu, kutoka chemchemi za Mlima Hanang hadi tambarare. Aliweza kugusisha spana kwenye bomba, akaweka sikio kwenye mpini, akakuonyesha mahali linapovuja. Walipokuwa wakiishi Katesh, kazi haikumlaza nje hata siku moja. Popote alipochimbisha mtaro, saa moja jioni alikuwa amepiga magoti sebuleni na watoto wake saba, tope likiwa bado kwenye viatu, akianzisha rozari. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, walimpa cheti cha mtumishi wa mfano. Alikitundika nyuma ya mlango wa stoo.

Akitafuta tarehe, Fausta alifungua madaftari ya kazi ya baba yake. Katika la mwaka 1999 alikuta hesabu za maji ya kijiji cha Masakta, kwa mwandiko ule ule mdogo ulionyooka:

"Shamba la mbegu limepata mwenyewe mpya. Wakubwa wanataka laini yote ya maji iende huko. Birika la mifugo litakauka siku ya nne. Ng'ombe 43 wa Mzee Qamara hawatafika mvua. Nikikataa, uhamisho wa Kusini. Getruda anasema watoto wasitolewe shule. Parokia nayo haijaezekwa, na kazi ni yangu. Nimefunga laini ya birika."

Fausta alisoma mara mbili. Kisha akatoka uani kuwahesabu. Hawakuzidi, hawakupungua.

Wiki iliyofuata alifika mzee mrefu mwenye fimbo na shuka nyeusi. Alikuwa amefuata nyayo kutoka Masakta kwa siku tatu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mimi Qamara. Hawa ni wangu." Akawaita kwa majina, na kila aliyeitwa akageuza shingo. "Tangu walipokufa walikuwa wamesimama pale kwenye birika, wanamsubiri fundi. Walipopata habari amefariki, wakaona hatarudi. Wakamfuata nyumbani."

Benedict, aliyekuwa amekuja kutoka Arusha, alimletea kiti. Qamara hakukaa.

"Siku ile nilimshikia spana," alisema. "Akaniambia anatengeneza. Maji hayajarudi mpaka leo. Sikuja kudai ng'ombe, hao nimeshawazoea wakiwa hivyo. Nimekuja kuuliza. Fundi alijua, au naye alidanganywa?"

"Mzee wangu," Benedict alisema, "mambo yale yalitoka juu. Sisi tulikuwa watoto."

Qamara akamtazama Fausta. Fausta akatazama vidole vyake.

"Nitangoja mpaka misa," alisema mzee, akaenda kulala kwa Perpetua, aliyemkaribisha ili apate mtu wa kumsemesha kuhusu haragwe.

Usiku Fausta aliandika sentensi moja kuhusu Masakta. Asubuhi Benedict aliikata kwa wino mwekundu.

"Unataka kumzika baba mara ya pili?"

"Kaka, mzee ameuliza."

"Na mama? Umemfikiria mama?"

Mama yao alikuwa mlangoni. Alichukua ndoo ya tatu akaenda nayo bombani.

Siku ya misa kanisa lilijaa. Fausta alisoma kwa sauti ndogo, paroko akamsogezea kipaza sauti. Akasoma kuzaliwa, shule, ndoa, mabomba, paa la kanisa. Akafika mahali Benedict alipoandika mwenyewe: "Maji yake yalimfikia kila mtu."

Hapo akaacha kusoma.

Alijua hakuna atakachosema kitakachogeuza bomba. Kijiji cha Masakta kiliandika barua mbili, zikajibiwa kwamba zimepokelewa. Shamba liliuzwa tena, na mwenyewe wa sasa hakuwahi kulisikia jina la Qamara. Kesho saa kumi na mbili na robo ng'ombe wangekuja, na kesho kutwa, na ndoo zingebaki tupu, na watu wa Dongobesh wangewapisha barabarani kama wanavyopisha mifugo yoyote. Benedict alikohoa. Mama yake, kwenye benchi la mbele, aliinamisha kichwa, kisha polepole akakiinua na kumtazama bintiye.

Fausta akaiweka karatasi chini. Akamtafuta mzee mwenye shuka nyeusi, akamwona amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Babu Qamara," alisema, na safari hii kipaza sauti hakikuhitajika. "Jioni ile baba alirudi na asali uliyompa kumshukuru. Tuliila sote, akatuangalia tukila, yeye hakuonja. Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani anatuachia kwa upendo. Na kweli alitupenda. Hakudanganywa na mtu. Alipiga hesabu, akaona watakufa, akafunga. Alijua, babu."