Theluji ya Mei

Yule dada wa kukodisha makoti alimnyooshea Kissa koti la bluu, pana kama gunia la pamba, lenye namba mgongoni. Kissa alilitazama, kisha akajitazama. Alikuwa amevaa koti lake refu la rangi ya damu ya mzee, alilojishonea mwenyewe kwenye kibanda chake cha Mwanjelwa, na vifungo akavivisha kitambaa kimoja kimoja kwa mkono.

“Dada, mwambie mimi ni fundi.”

Nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni. Yule dada akacheka, akamvalisha lile la bluu juu ya lake na kumfunga zipu mpaka kidevuni, kama anavyofungwa mtoto. Tukaingia kwenye theluji.

Ilikuwa Januari ya mwaka juzi. Aprili tulimzika, na ninaandika haya kabla sijaanza kusahau namna alivyokuwa akisema mambo.

Guangzhou theluji haianguki. Ile ilikuwa ya ndani ya jumba, ya mashine, mwendo mrefu wa treni kutoka Zhanqian tunakonunulia nguo. Kissa, mdogo wangu, hakulijua hilo alipotoka Mbeya. Uchina yake ilikuwa ile ya kalenda za ukutani, yenye mapaa meupe. Alishuka uwanja wa ndege na koti, glavu na buti, akakuta watu wamevaa mashati. Rodgers, mfanyabiashara mwenzangu wa Tunduma, alimuuliza kama amekuja Uchina au amekuja kuingia kwenye jokofu. Kissa akamjibu kwamba mtu anayepokea wageni amevaa kandambili asimfundishe kuvaa. Wiki nzima hakulivua koti lile. Jasho lilimtoka, akajifuta kwa leso, akapita katikati ya maduka kama mtu anayepigwa picha.

Mimi ndiye niliyemwalika. Nilimwambia nahitaji jicho lake kwenye magauni. Ukweli ni kwamba daktari alikuwa amekaa na mimi na kaka yetu Thadeo, akatuambia moyo wa Kissa umechoka, na tuliyobakiwa nayo ni miezi. Tulitoka pale tumeshakubaliana. Kissa tukamwambia ni presha.

Siku ya nne alimwonyesha mama muuza sweta picha ya theluji kwenye simu, kisha akaelekeza kidole nje. Yule mama akapunga mkono.

“Mei you, mei you.”

Kila mnunuzi hulijua neno hilo kabla hajajua salamu. Ndilo unaloambiwa ukitaka saizi iliyokwisha. Hakuna. Lakini Kissa alinigeukia uso umechangamka.

“Kumbe ni Mei. Kama kwetu tu.”

Tukuyu tulikozaliwa, kweli, baridi yenyewe hushuka mwezi huo. Akasema basi atarudi Mei, tena na koti jingine, maana hili watakuwa wamelizoea.

Ningemsahihisha palepale, tukacheka, yakaisha. Nikasema, “Ndiyo, Mei.” Kwa siku tatu nikamsikiliza akiipanga hiyo Mei yake: kitambaa, bitana, kofia. Siku niliyotakiwa kwenda Xintang kukagua jeans niliahirisha, nikamleta kwenye jumba hili la theluji.

Aliinama, akachota theluji, akainusa. Alishangaa kwamba haina harufu. Barafu ya kwenye friji, alisema, angalau inanuka samaki. Kisha akaacha mikono yake ilivyo, imejaa weupe, akaniuliza kwa nini nimemleta leo wakati Mei haiko mbali.

“Mei you si mwezi,” nikasema. “Maana yake hakuna.”

Alicheka mpaka akashika ukuta. Pumzi ilichukua muda kumrudia. Mimi sikucheka, na aliona kwamba sikucheka.

“Dada,” alisema taratibu, “hakuna theluji, au hakuna Mei?”

Watu walitupita wakiteleza na kupiga kelele. Nikaishika zipu yake kuipandisha, nayo tayari ilikuwa kidevuni, na hilo ndilo lililomjibu.

Hakulia. Alitaka picha, akanirekebisha namna ya kushika simu ili buti zionekane. Tukarudisha makoti ya watu, tukapanda treni. Behewa lilikuwa limejaa, na hapakuwa na yeyote wa kutuelewa.

“Sasa nieleze alivyosema daktari. Yote, usinipunguzie.”

Nikaeleza kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaozungumzia bei ya mashati. Nilianza na mlango wa ofisi ya daktari, na Thadeo alivyovua kofia. Mwanamke aliyekaa mbele yetu alimtazama Kissa juu mpaka chini, akamwinulia kidole gumba. Kissa akamwitikia kwa kichwa, bila kuniondolea sikio.

Kituo chetu kilipotangazwa nilikuwa sijafika hata nusu. Nikaanza kuinuka. Kissa akanishika mkono, akanikalisha. Milango ikafunguka, watu wakashuka, milango ikafungwa, na treni ikaendelea.