Simu ya Injinia Theuri

Injinia Theuri aliitupa ile simu sakafuni kabla hata hajaketi. Ilidunda kwenye simiti ya hoteli ya Warigia, ikagonga mguu wa benchi, ikatulia. Wateja waliokuwa wakinywa chai wakabaki na vikombe hewani. Theuri akaiokota, akaifuta kwa kiganja, kisha akachukua kikombe cha mtu asiyemjua na kuimwagia chai yote iliyobaki.

"Bado iko hai," alisema, akiwaonyesha taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikipepesa. "Hii haivunjiki. Mtu atavunjika kwanza."

Watu wakacheka. Warigia alikwenda kuchukua kitambaa cha kupangusia sakafu.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1998, na simu za mji mdogo wa Naro Moru zilikuwa za kuhesabika: ya posta, ya polisi, na ile ya nje ya posta iliyomeza sarafu bila kumuunganisha mtu na yeyote. Hii ya Theuri haikufanana nazo. Ilikuwa nene kama tofali, imevishwa mpira mweusi, pembe zake zimetiwa chuma. Ilifunguka kama Biblia. Upande wa juu ulikuwa na kioo kidogo, na upande wa chini herufi zote, kila moja na kibonyezo chake, zimepangwa safu safu kama punje kwenye gunzi la mahindi. Haikuwa na waya. Mtu aliandika maneno, yakapanda hadi setilaiti, nayo setilaiti ikayashusha kwenye simu nyingine ya aina ile ile, popote ilipokuwa.

"Na kuongea?" aliuliza Muriithi, mume wa Warigia. "Mtu anaongelea wapi?"

"Haiongei. Ni ya kuandika tu."

Muriithi aliipima mkononi. Alikuwa amewapandisha watu Mlima Kenya tangu ujana wake, na vyombo vingi vya wageni alikuwa ameviona vikifia huko juu: kamera, redio, saa za bei kubwa. "Hii ni kitu ya maana," alisema. "Hata ikianguka kutoka kilele cha Lenana, utaipata ikiwa mzima."

Akampa mkewe aishike. Warigia aliona baridi yake ikimpanda mpaka kwenye kiwiko, ingawa ilikuwa imetoka kumwagiwa chai ya moto. Akabonyeza herufi moja. Ikatokea kwenye kioo, nyeusi, imenyooka. Akamwambia Muriithi naye abonyeze. Ikatokea vile vile, sawasawa na yake.

"Sasa mimi nitajuaje ni wewe unaandika?" aliuliza.

Theuri akatabasamu. "Mama, huko juu tutakuwa watu wawili tu. Ataandika nani mwingine?"

Theuri alikuwa mtu wa Nyeri kwa kuzaliwa, lakini alikuwa amekulia Mombasa, ambako baba yake alifanya kazi ya reli, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtu yeyote pale hotelini. Yeye ndiye aliyeziingiza simu hizo nchini. Wiki iliyofuata, wageni wakubwa wangekuja kutoka Nairobi kuamua kama wazinunue kwa ajili ya waokoaji na wapima ardhi. Alitaka kuwaonyesha kwamba simu moja ilipanda hadi kileleni, na nyingine ikakaa kwa mama wa hoteli, na maneno yakapita. Ndiyo maana alisema ujumbe wote uandikwe kwa Kiswahili, ili wageni waweze kuusoma.

"Injinia, huu ni mwezi wa mvua," Muriithi alimwambia. "Huko juu ni matope na theluji. Wenye akili wanangoja Juni."

"Wageni hawangoji mvua iishe. Usipotaka, nitamtafuta mwingine."

Muriithi akakubali. Jioni ile alikaa nyuma ya hoteli na simu magotini, akijifunza kuandika kwa kidole kimoja. Aliandika kama alivyosema, na aliposema, l ilimponyoka ikawa r, kama inavyowaponyoka wengi wa huko. Warigia alisoma kwenye simu ya pili: *mama nyawira narara njaa reo.* Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Nyawira alikuwa binti yao, aliyekuwa shule ya bweni Karatina, na tangu azaliwe Muriithi hakuwahi kumwita mkewe jina jingine.

Asubuhi wakaondoka. Ujumbe wa kwanza uliingia alasiri, simu ikilia kwa mlio mwembamba kama wa kifaranga: *tumefika meti. tuko sarama. baridi ni kari.* Meti ni kituo cha hali ya hewa, pale barabara ya magari inapokomea. Warigia akajibu kwa kumwiga, *vaa sweta mbiri,* na akajisikia vizuri. Siku ya pili ukaja mwingine: *tumevuka matope. injinia amechoka rakini anataka kuenderea. tutarara kambi ya juu.* Wachuka, jirani yake aliyeuza nguo za mitumba, alikuja kuutazama. Akasema dunia imekwisha, sasa hata mlima unaandika barua.

Siku ya tatu simu ilinyamaza. Mlima nao haukuonekana. Wingu lilikuwa limeuketia tangu alfajiri, jeusi chini na jeupe juu, na upepo ulioteremka kutoka huko ulikuwa na harufu ya barafu. Warigia aliichukua simu akaiweka nje, juu ya pipa, mahali palipokuwa wazi kama alivyofundishwa. Alikaanga mandazi akiisikiliza. Mchana ukapita. Jua lilipoanza kushuka ndipo ikalia.

*Tumefika salama. Hali ya hewa ni nzuri. Usijali.*

Alisoma, akainua macho kuutazama mlima. Huko juu radi ilikuwa inanguruma. Akasoma tena, safari hii neno kwa neno. Akamwita Wachuka.

"Soma hapa. Unaona nini?"

"Ati wamefika salama. Si ni vizuri?"

"Muriithi hajawahi kuandika salama. Anaandika sarama."

"Labda injinia amemsaidia kuandika. Mikono ikiganda, utabonyeza hiyo vitu namna gani?"

Ilikuwa inawezekana. Warigia alilishikilia jambo hilo, akaandika polepole: *ni wewe?*

Jibu lilikuja haraka, kana kwamba mtu alikuwa amekaa juu ya simu akingoja. *Ndiyo, ni mimi, mke wangu. Usimsumbue mtu yeyote. Kila kitu kiko sawa.*

Mke wangu. Muriithi angeandika mama nyawira. Huko juu kulikuwa na watu wawili tu, na mmoja alikuwa akiandika kwa jina la mwenzake. Warigia akavuta kigoda, akaketi, akafikiri. Kisha akaandika: *mama yako amefika kutoka endarasha. anauliza kama umevaa ile sweta aliyokushonea.*

Wakangoja. Mafuta ya mandazi yalikuwa yanaungua jikoni na hakuna aliyekwenda kuyatazama.

*Mwambie nimeivaa. Asante sana. Asijali.*

Wachuka alipiga ukelele, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama yake Muriithi alikuwa kaburini kwa miaka mingi, kule Endarasha, chini ya mti wa mkuyu.

Warigia hakufunga hata mlango wa hoteli. Alikimbia na simu kifuani mpaka kwa Mathenge, mkuu wa wapagazi, aliyekuwa nyuma ya nyumba yake akipasua kuni. Alimweleza huku akihema. Mathenge alisikiliza akiwa ameshika shoka.

"Warigia, hapa pameandikwa wako sawa. Nikipeleka watu mlimani na hii mvua, na mtu hajaitisha, nikimpoteza mmoja nitawaambia nini watu wa kwao?"

"Soma chini."

Akasoma. Mathenge alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi la yule mama. Alilitua shoka, akaingia ndani, akatoka na kamba na koti la mvua. Kabla giza halijaingia, yeye na wenzake kadhaa walikuwa ndani ya pikapu kuelekea Meti, machela imefungwa nyuma.

Warigia alibaki na simu. Asubuhi iliyofuata akina mama wa kanisa walikuja kukaa naye. Waliomba, wakaimba, kisha wakakaa wakiitazama pale juu ya meza iliyotolewa nje, kama watu wanaotazama nyoka aliyeingia nyumbani na hawajui kama amelala. Ilipolia, wote walirudi nyuma.

*Naona watu wanapanda. Umewatuma wewe?*

Hakujibu.

*Nilikwambia kila kitu kiko sawa.*

Mmoja wa akina mama akasema izimwe. Warigia akakataa. Kama kulikuwa na njia yoyote ya kujua alipo mumewe, ilikuwa ndani ya kile kitu, hata kama kilikuwa kinasema uongo. Ikalia tena.

*Warigia. Jibu.*

Ilikuwa mara ya kwanza aliye upande wa pili kumwita kwa jina lake. *muriithi yuko wapi,* Warigia aliuliza. Taa ya kijani ilipepesa na kupepesa, na hapakuja kitu tena.

Mathenge ndiye aliyesimulia mengine baadaye. Walimkuta Theuri mlangoni mwa kibanda cha kambi ya juu, amejifunika mablanketi yote, yake na ya Muriithi, simu magotini. Hakuwa na jeraha. Walipomuuliza mwenzake yuko wapi, alisema amekwenda kuchota maji, anarudi. Mathenge akamshika kola akauliza tena. Ndipo Theuri akaanza kulia na kusema.

Siku ya tatu asubuhi walikuwa wametoka kwenda kwenye ukingo wa bonde, mahali palipokuwa wazi, ili atume ujumbe. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu, simu ikamponyoka, ikabingiria chini ya mteremko na kukwama kwenye mawe. Alimwambia Muriithi aifuate. Muriithi alisema wangoje ukungu uinuke. Theuri akasema bila simu ile safari yote ni bure. Basi Muriithi akashuka, akaipata, akapanda nayo, akanyoosha mkono kumpa. Theuri alipoishika tu, jiwe alilokanyaga Muriithi liling'oka, akaenda nalo. Simu ilikuwa haina hata mkwaruzo.

"Na ulikuwa nayo mkononi," Mathenge alimwambia. "Kitu ya kuita watu ilikuwa kwa mkono yako."

Theuri alisema alikuwa na hakika Muriithi angepanda mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa mlima. Alisema alingoja. Alisema wageni wangesikia kwamba mtu amekufa kwenye jaribio na kila kitu kingekwisha.

Walimpata Muriithi bondeni, chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, karibu na kijito. Alikuwa amejikokota mpaka hapo, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, na alikuwa amejifunika nyasi. Mathenge alidhani wamechelewa, mpaka alipoweka shavu lake kwenye pua ya Muriithi na kusikia pumzi.

Hospitalini mjini Nyeri walimkata mguu. Kwa siku nyingi hakuwa na fahamu za kutosha kujua umekatwa, na alipojua, aliomba tu ageuzwe atazame dirishani. Polisi walikuja, wakaandika maelezo, wakaichukua simu ya Warigia kuwa ushahidi. Kesi haikufika popote; walisema mlima ni mlima, watu huteleza. Wageni wa Nairobi walifanyiwa maonyesho mahali pengine.

Kabla Muriithi hajaruhusiwa kurudi nyumbani, Theuri alikuja kumtazama. Ilikuwa mchana, saa ya wageni, wodi imejaa watu na harufu ya ndizi na uji. Alisimama mwisho wa kitanda akiwa ameshika kofia. Alikuwa amekonda. Warigia aliinuka kwenye kiti, na angemtoa pale kwa mikono yake, lakini Muriithi aliinua kiganja kumzuia.

"Mwache. Niko na swali moja," alisema. Sauti yake ilikuwa bado ya mtu aliyelala nje. "Injinia, nilikuita. Nilikuita kutoka huko chini. Nilitaka kujua kama ni ukungu ulikuwa unazuia, ama maji ya kijito. Ulinisikia?"

Theuri alitazama mahali ambapo mguu ungekuwa, chini ya shuka. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mtu anayecheka na jamaa zake, na kicheko hicho kilikwenda kikaisha ndipo akajibu.

"Nilikusikia."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uliponyamaza."

Muriithi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akageukia dirisha. Warigia akamshika Theuri mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu, akamwongoza katikati ya vitanda mpaka mlangoni, akasimama pale mpaka alipomwona ametoka nje ya lango na kuingia barabarani. Kisha akarudi, akaketi upande wa dirisha, na kumuuliza mumewe kama angependa uji.