Ukaguzi wa Masikio

Wimbo ulikuwa umekwisha na mdogo wangu alikuwa bado anapiga ngoma. Mimi nilishanyamaza, gitaa langu limenyamaza, Ticha ameondoa vidole kwenye nyuzi za besi na kunigeukia. Kule nyuma, juu ya kistuli chake cha miguu mitatu, yeye anatwanga tu, shati limemganda mgongoni, macho yanahangaika sakafuni kuutafuta mguu wangu wa kushoto. Mguu huo nilikuwa nimeuficha nyuma ya spika. Niliuficha kwa makusudi.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, katika ukumbi wenye madirisha mapana, kwa hiyo kila mtu alimwona vizuri. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho. Wakaanza kupiga makofi, kisha miguu, kisha viatu vikarushwa juu. Na yeye, asiye na mahali pa kushika, akazidi kukazana, mara mbele, mara nyuma, mara ameupiga ukingo wa ngoma badala ya ngozi. Dakika moja na sekunde kumi na mbili. Najua kwa sababu kuna mtu alikuwa anarekodi, na kanda ile ndiyo iliyotufanya tujulikane.

Juzi mtangazaji mmoja wa redio alikuja kunihoji nyumbani. Aliniita mzee wa panki, ule muziki wetu wa kelele na hasira, nikacheka, maana siku hizi hata ngazi napanda kwa kupumzika. Akataka kujua nini kilitokea katika dakika ile. Nikamwambia ilikuwa ghadhabu safi, ghadhabu ya mtu aliyekataa kunyamazishwa. Nililisema hilo kwa sauti yangu ya mahojiano, ambayo ni nzito kidogo kuliko ile ninayoombea chumvi mezani. Nimelisema miaka ishirini na sita. Uongo nao hukua. Huu wangu una ndevu sasa. Kisha akaniuliza ninaamini nini maishani. Nikamjibu bila kupepesa macho: ukweli. Alipoondoka nilikaa kitini mpaka chai ikapoa.

Tulikuwa watatu. Ticha alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwanamke wa maneno machache aliyekuja mazoezini na chaki kwenye kucha. Mdogo wangu alikuwa fundi seremala mwanagenzi. Mimi sikuwa na kazi, ndiyo maana nilikuwa kiongozi. Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la magodoro lililofungwa, chumba kisicho na dirisha hata moja, na kuta zote zimebandikwa vipande vya sponji. Sauti haikuwa na pa kutokea. Ilizunguka humo na sisi, na mdogo wangu ndiye aliyekaa katikati, spika mbili kubwa nyuma ya kisogo chake. Mimi ndiye niliyezipanga.

Mama alikuwa mtu wa kwaya na maombi. Mimi sikumwamini Mungu, niliamini sauti kubwa. Niliamini kwamba dunia inaendeshwa na watu wanaonong'ona, mabosi, wanasiasa, mashemasi, na kwamba mtu mwaminifu hupiga kelele hadharani na kuzisikia kelele zake mwenyewe zote, bila kupunguza. Hapo ndipo ilipozaliwa sheria yetu: hakuna kuziba masikio. Bendi nyingine zilitia pamba. Sisi tuliwacheka. Anayeimba ukweli huku ameziba masikio, nilisema, ni sawa na mpishi asiyekula chakula chake.

Na sheria bila askari ni hadithi, kwa hiyo nikajifanya askari. Kabla ya kila zoezi niliwasimamisha chini ya taa, nikamshika kila mmoja kidevu, nikamgeuza kichwa huku na huku na kuchungulia. Ticha alikuwa anavumilia huku amekunja uso. Mdogo wangu aliipenda shughuli hiyo. Alikuwa anafumba macho na kutabasamu, tangu utoto alipenda kushughulikiwa na mimi. Mimi hakuna aliyenikagua. Nilikuwa navaa kofia ya sufu, mvua na jua, watu wakadhani ni mtindo.

Mwaka wa tatu wa bendi masikio yangu yalipiga mluzi siku tatu mfululizo. Nilikwenda zahanati kimyakimya. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, akaniambia maneno niliyoyaelewa mara moja: kilichokufa humo ndani hakifufuki, kilichobaki kitunze. Akanipa pamba, akanionyesha namna ya kuiviringisha. Jioni ile ile nilikwenda ghalani na pamba yangu chini ya kofia, nikamshika mdogo wangu kidevu, nikamgeuza kichwa, nikachungulia. Safi. Nikampiga kibao cha upole shavuni, tukaanza kazi.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu. Mimi nilikuwa ninaujua uchungu wake, bado nikaendelea kumchoma mwenzangu mwaka mzima.

Makosa yalianza kidogokidogo. Anachelewa kuingia, anachelewa kutoka. Nikimuuliza, kijiti kimeteleza, au usingizi. Halafu nikagundua kwamba hanitazami usoni tena anapopiga. Anautazama mguu wangu wa kushoto, ule ninaopigia mapigo chini. Nikiutuliza, naye anapoteza njia. Siku moja alikuwa ameinama akikaza skrubu za ngoma, ghala limetulia kabisa. Nikasimama hatua mbili nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida:

"Mdogo wangu, mama amekufa."

Ticha aliangusha daftari lake. Mdogo wangu aliendelea kukaza skrubu, akaipuliza vumbi, akahamia nyingine.

Mama alikuwa mzima wa afya, yuko nyumbani anafua. Ticha alipoelewa nilichofanya alisema mtoto huyu apelekwe hospitali kesho asubuhi. Nikasema kwanza akiri mwenyewe. Tukamzunguka mbele, nikamuuliza polepole, midomo wazi, kama anasikia vizuri. Akatutazama kwa zamu.

"Nasikia, kaka," akasema. "Kwa nini nisisikie?"

Nilimwambia Ticha kwamba kilichoniudhi ni uongo, kwamba katika bendi yetu mtu anaweza kuwa chochote isipokuwa mwongo. Aliamini nusu. Sababu yenyewe sikumwambia mtu. Akipelekwa hospitali ataulizwa imekuwaje, na atasema kuna sheria, na daktari mwenye akili ataagiza watatu wote wapimwe. Halafu itajulikana nani ana masikio mazima, na kwa nini. Ilinifaa zaidi aondoke kwa aibu yake kuliko abaki kwa huruma ya watu. Niliogopa, basi. Niliogopa kuonekana.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Katikati ya wimbo wa mwisho nilisogea hatua moja kushoto, mguu ukaingia nyuma ya spika. Sikufanya kingine. Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe.

Aliyemnyamazisha ni Ticha. Aliiweka besi chini, akaenda akamshika mikono yote miwili, naye akashtuka kama aliyeamshwa. Akatazama ukumbi: midomo imeachama, mikono inapigwa. Akanitazama mimi. Nikashika maiki.

"Mpiga ngoma wetu ni kiziwi," nikasema. "Ametudanganya mwaka mzima."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzaha gani huo, kiziwi anapiga ngoma! Na mdogo wangu, alipoona watu wote wanacheka, naye akacheka. Akasimama, akainama kwa heshima, ingawa tulikubaliana tangu zamani kwamba hatutawahi kuinama mbele ya hadhira. Wakampigia makofi zaidi.

Wiki ile ile Ticha alirudi kwenye chaki zake, asije tena mazoezini. Mdogo wangu sikumfukuza. Hakuja tu, na mimi sikumfuata. Nilipata mpiga ngoma mwingine, na baada yake mwingine. Kanda ikazunguka. Vijana wakachora ukutani idadi ya sekunde zile. Mama aliniuliza mara moja tu kwa nini mwanawe hajibu akiitwa kutoka jikoni, nikamwambia ni kazi ya mashine za mbao.

Siku ya pili baada ya mahojiano nilikwenda kumwona. Tulikuwa hatujaonana tangu tumzike mama. Ana karakana yake sasa, anatengeneza milango na madirisha. Mashine ya randa inanguruma humo mpaka meno yanauma. Wafanyakazi wake wamevaa vifuniko vya masikio. Yeye anapita kichwa wazi, nao wanamtania kwamba bosi ndiye pekee anayefanya kazi kwa raha. Aliponiona alizima mashine, akanikumbatia, akanichafua kwa vumbi la mbao.

"Kaka! Umenenepa!" alisema kwa sauti kubwa iliyonyooka, sauti ya mtu asiyejisikia.

Wafanyakazi wakatoka kwenda kula. Akanionyesha mlango aliokuwa anaumalizia, mkubwa, wa mbao nyekundu, kisha akanigeuzia mgongo akaanza kuusugua kwa msasa. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu njia nzima. Niliyasema pale pale, nikiutazama mgongo wake.

"Mimi nilikuwa natia pamba. Mwaka ule wote nakukagua, nilikuwa nimetia pamba."

Mkono wake uliendelea na msasa, kwenda na kurudi. Nikavuta pumzi. Nitakuwa mkweli: nilihisi nafuu.

"Anajua, shemeji."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yangu na kopo la vanishi. Sikuwa nimemwona akiingia.

"Mlikuwa mnalala chumba kimoja," alisema. "Ukienda kuoga alikuwa anaikuta kwenye mto wako."

Nikamuuliza, basi kwa nini hakusema. Kwa nini naye hakutia, kama aliniona. Alichovya brashi, akaikung'uta kwenye ukingo wa kopo, hakuwa na haraka.

"Hata mimi nilimuuliza hivyo. Alisema mwenye sauti ni wewe, na mwenye sauti lazima abaki anasikia. Alisema mmoja akitosha kuharibika, basi awe yeye." Hakulisema kwa upole. "Hajawahi kukudai neno. Anangoja tu umwambie. Sasa wewe umeuambia mgongo."

Mdogo wangu alihisi kitu, labda kivuli chetu juu ya mbao. Akageuka. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha macho yakashuka na kutulia kwenye midomo yangu. Amekuwa hodari wa kusoma midomo, wanasema hakosi hata neno.

"Mnasemaje?" akauliza.

Mkewe aliweka brashi chini. Hakunisaidia, hakunizuia. Wote wawili walikuwa wananingoja. Nikafungua mdomo, nikaliumba kila neno vizuri ili lisipotee.

"Nilikuwa naaga," nikasema.

"Mapema hivi?" Alisikitika kweli. Akafuta mikono kwenye suruali, akanitangulia mlangoni, akanisindikiza hadi barabarani akinisimulia habari za bei ya mbao na mwanawe anayeanza shule, kisha akasimama pale kuangalia magari kwa niaba yangu mpaka nikavuka.