Theluji Haijui Kiarabu

Kwenye kafteria yetu ya Al Mankhool, mtaa wetu huku kwa Waarabu, kuna kiti kimoja tu chenye mikono. Kiko chini ya AC, na sinia ya chai huanzia hapo. Hukikalia mwenye hadithi kali kuliko wote, na tangu nistaafu ulinzi nikahamia kwa binti yangu, mwenye hadithi ni mimi, Mzee Boaz. Mguu wa nyuma wa kiti hicho una ufa, lakini tumezoeana: naegemea kushoto, nakaa kama sultani.

Jumapili moja akaingia Shem, dereva, katoka Jojia, nchi ya milima ya theluji, na familia ya sir wake. Pua imebabuka kwa jua la theluji. Salamu hazijaisha, Carolyne, anayetuandalia chai, akamuuliza, "Ati huko milima inaanguka?"

"Mlima hauanguki, dada. Theluji ndiyo inaporomoka. Nipe sinia."

Akamwaga sukari. Juu yake akashindilia maziwa ya unga kwa kiganja mpaka yakawa kama ubao.

"Hii sukari ni theluji ya zamani, imekuwa chembechembe, haishikani. Haya maziwa ni theluji mpya, upepo umeipakia juu. Ukiiona ilivyo safi, unatamani uvae zile mbao uteleze. Sasa tazameni."

Akaweka kikombe ukingoni, akainua sinia upande mmoja, polepole. Maziwa yakapasuka na kipande kizima kikateremka, puu, kikafunika kikombe.

"Woi!" Hata mpishi akatoka jikoni.

"Mlima huonya kwanza," Shem akasema. "Unasikia 'wuuf' chini ya miguu, unaona nyufa zinakimbia mbele yako. Mwongozaji wetu akisikia hivyo, yalla, tunarudi. Na ikianguka nyingi kwa upepo, siku hiyo hapandi kabisa, hata sir anune vipi."

Carolyne akampa chai ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nimekaa kwenye kiti, na kikombe kinapita mbele ya pua yangu! Nilijiona kama mwanamume aliyealikwa harusi ya mke wake.

Nikakohoa.

"Kijana, hiyo ni theluji ya Jojia. Mimi na arbab wangu, bosi wangu wa zamani, tulikuwa Lebanoni." Kwa kweli sijavuka Fujairah, hapa hapa nchini, lakini jambo hilo halijawahi kunizuia. "Kule theluji mpya ikipigwa na upepo inakuwa godoro. Mimi na rafiki yangu Yowasi tuliruka kutoka kileleni tumekalia sinia ya mbuzi mzima! Mlima ukatufuata unanguruma kama lori. Nikageuka, nikaufokea: Khalas, basi! Ukasimama palepale, umetoa macho."

Watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Carolyne akanijazia kikombe hadi kikamwagika. Ah, utamu.

Asiyecheka alikuwa Kenneth, yule Mganda anayegawa makoti kwenye ukumbi wa theluji wa jumba la maduka. Alikuwa ameshika simu.

"Mzee, hiyo ya kufokea ni yako, lakini hiyo ya godoro ina maana. Hata sisi ukumbini theluji ikishindiliwa vizuri ndiyo inakuwa salama. Wiki hii naenda Jojia na vijana wa arbab wetu wa ukumbini. Mwongozaji wa huko anawaambia kwa simu wangoje theluji mpya itulie, wao wanataka kupanda. Wacha niwaambie."

Akatuma sauti. Jibu likaja mara moja, akalifungulia wote tusikie: mzee huyo ashukuriwe, mwongozaji khalas, watapanda wenyewe na Kenneth atawabebea mizigo.

Khalas. Neno langu mwenyewe.

"Kenneth, usithubutu," Shem akaanza.

"Shem, bwana, acha wivu. Ulipewa chai ya kwanza, sasa mzee amekupiku."

Wote wakamzomea Shem. Walikuwa tayari kunisikiliza mimi tu. Nilitazama kile kikombe kwenye sinia, bado kimefukiwa. Nikaweka chai yangu chini.

"Kenneth," nikasema, "hadithi haijaisha."

"Enhe?"

"Nilifokea khalas. Theluji haijui Kiarabu. Ilikuja vilevile. Mimi ilinitupa kando. Yowasi ilimfunika." Nikakifukua kikombe taratibu kwa vidole. "Tulichimba hivi. Tulipompata, tulikuwa tumeshachelewa."

Kenneth akashusha simu.

"Mzee, si ulisema godoro?"

"Nilisema hivyo ili nipewe chai. Shem yuko sahihi neno kwa neno. Waambie hao vijana wamrudishe mwongozaji, na wakikataa, wewe baki hotelini na mizigo yao. Tuma sasa hivi, nikuone."

Akatuma. Tukangoja. Jibu likaja: sawa, watangoja na mwongozaji.

Nikainuka. "Shem, njoo ukae hapa."

"Mzee, hapana, hiki ni chako."

"Kaa, bwana!"

Akakaa. Carolyne akamletea chai nyingine, safari hii na malai, ule utando mtamu wa maziwa, juu, na kwangu hata malai hajawahi kuyataja. Moyo ukaniwaka upya. Mguu wa nyuma wa kiti ukalia kidogo, kri. Shem alisema mwenyewe kwamba nyufa huonya kwanza. Mimi sikumwambia aegemee kushoto, nikavuta stuli hadi mahali ambapo ningeona vizuri.