Kiti Kisichobishiwa

Upande wangu wa kazi na upande wa mume wangu unatenganishwa na pazia tu. Huku mimi nasuka, kule yeye ananyoa. Pazia linazuia macho, masikio halizuii, kwa hiyo kutwa nzima nasikiliza wanaume wazima wakimfukuza kazi kocha wa timu yetu.

Nawajua wote kwa sauti. Kuna Fundi Redio, ambaye redio za watu zinaozea kwake huku yeye akieleza namna ya kujenga mashambulizi kutoka nyuma. Kuna Bucha, aliyewahi kudaka siku moja shuleni kipa alipougua, na tangu hapo anawasema makipa wote kama amewazaa yeye. Halafu kuna Mwalimu Mstaafu, anayepanga timu kwa vizibo vya soda pale kwenye benchi, na ole wako uvikalie. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kukimbia mvua bila kusimama njiani kuhema.

Mume wangu ana sheria moja dukani: aliyekaa kwenye kiti cha kunyolea habishiwi. Aliitunga baada ya Fundi Redio kugeuka ghafla chini ya wembe ili amjibu Bucha kuhusu goli la kuotea, akarudi kwake na plasta sikioni. Tangu siku hiyo, ukishakaa kwenye kile kiti unaweza kusema jua linachomoza usiku, na benchi zima litakuitikia, "Ni kweli kabisa." Ukishuka ndipo wanakurarua. Wamezoea hivyo mpaka wanaitikia bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi.

Ningewacheka nikaendelea na kazi yangu, lakini safari hii jambo lilinigusa. Mdogo wangu, yule wanayemwita Mshale, anachezea timu hiyohiyo. Ni mshambuliaji. Alianza kufunga magoli akiwa pekupeku, kwa mpira wa makaratasi, na hajawahi kuacha. Msimu huu kocha akamrudisha nyuma kucheza beki wa kushoto, eti kwa sababu ana mbio. Mbio anazo, ila kukaba hajui. Kila mechi anapitwa, uwanja unamzomea, kisha anakuja kwangu kula huku macho yake kayakaza kwenye sahani. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na kocha huyohuyo ndiye wa kusema nani abaki. Nilichotaka ni mtu mmoja tu mwenye mdomo amwambie: mrudishe kijana mbele.

Na midomo tulikuwa nayo tele.

"Huyu kocha hata mbuzi hawezi kuwapanga," Bucha alikuwa akisema. "Unamtoaje Mshale mbele? Ni sawa na kumpa mtu kisu changu akakorogee chai."

"Mimi nikikutana naye namwambia usoni," akadakia Fundi Redio. "Anakula, nakula. Nimwogope kwa lipi?"

"Mtu kama yule unamwendea kwa hoja." Huyo alikuwa Mwalimu, na nikasikia vizibo vikisukumwa. "Namwonyesha hapahapa. Mshale ni hiki. Ukikiweka huku nyuma, kule mbele panabaki shimo. Mtoto wa darasa la pili angeelewa."

"Shemeji, unasikia?" Bucha akaniita kupitia pazia. "Mdogo wako tunamtetea sisi."

"Nasikia," nikamjibu. Na mimi mjinga nikawaamini kidogo.

Kocha akaja mwenyewe, mchana kweupe, kinyozi wake kasafiri. Alikuwa na mzee mmoja wa miwani aliyejikalia kwenye benchi kumsubiri. Nilichungulia penye pindo la pazia, mikono yangu ikiwa kichwani mwa mteja wangu, nesi wa zahanati. Mwalimu alikuwa anavikusanya vizibo vyake na kuvitia mfukoni harakaharaka.

"Karibu sana, Kocha," akasema Fundi Redio, kwa sauti laini ambayo hata mkewe sidhani kama anaijua.

Mume wangu akamfunga kocha kitambaa shingoni. Kocha akawatazama kupitia kioo.

"Najua kuna maneno," akasema. "Eti nimekosea kumrudisha Mshale nyuma. Mimi naona pale ndipo mahali pake. Tatizo ni yeye mwenyewe, hajitumi. Nyie mashabiki mnaonaje?"

Mkono wangu ukasimama katikati ya msuko.

"Ni kweli kabisa," akasema Bucha.

"Hajitumi yule," akaongeza Fundi Redio.

"Kimfumo uko sahihi," akamalizia Mwalimu. "Wanaokulaumu mpira hawaujui."

"Dada, unanivuta," nesi akaninong'oneza.

Nikajifariji kwamba ni sheria ya kiti tu. Akishuka watamweleza. Mume wangu akamaliza, akamfuta nywele shingoni, kocha akashuka. Sasa alikuwa amesimama sakafuni kama mtu yeyote, wembe uko mbali. Nikangoja. Bucha akaenda kumfungulia mlango. Fundi Redio akaomba wapige picha. Mwalimu, mtu wa hoja, akampa mkono kwa mikono yake yote miwili.

Yule mzee wa miwani naye akainuka. "Nawashukuru," akasema. "Nilitaka kuwasikia mashabiki wenyewe kabla ya kikao." Wakatoka, na ndipo mume wangu akakumbuka sura ile. Alikuwa mwenyekiti wa klabu. Nilipolifunua pazia kuwakimbilia, mikono ikinichuruzika mafuta, gari lilikuwa limeshaondoka.

"Sheria ni sheria, shemeji," Bucha akaniwahi. "Alikuwa kwenye kiti."

"Na pale mlangoni?"

"Pale tulikuwa tunamuaga."

Mume wangu alikuwa anafagia nywele za kocha, kainama, hataki kunitazama. Nilirudi kwa mteja wangu kwa sababu ningebaki pale ningemchapa mtu kwa ufagio uleule.

Habari zilitangazwa kwenye redio ya mteja ambayo Fundi alikuja nayo dukani badala ya kumrudishia mwenyewe. Kocha kaongezewa mkataba. Mwenyekiti akaeleza kwamba yeye mwenyewe alifika mitaani, akawasikia mashabiki, na wana imani kubwa na kocha wao. Kisha yakasomwa majina ya wachezaji walioachwa, na la mdogo wangu likawa la kwanza.

"Huyu mwenyekiti aliongea na nani?" Bucha akauliza, tena amekasirika kwelikweli. "Mashabiki gani hao?"

"Ndiyo maana mpira wetu haukui," akasema Mwalimu. Na vizibo vikaanza kupangwa upya.

Mdogo wangu alikuja siku iliyofuata. Akawasalimia, wakaitikia wakitazama chini, akakaa kwenye kiti.

"Zitoe zote, shemeji," akamwambia mume wangu.

Mashine ikawashwa. Nilimwona kupitia upenyo, akijitazama kwenye kioo kama anayemtafuta mtu mwingine.

"Labda wamesema kweli," akasema polepole. "Labda mimi mpira siujui."

"Ni kweli kabisa," benchi likaitikia.

Wote watatu, kwa pamoja. Kisha wakasikia walichokisema, na Fundi Redio akaanza kukohoa.

Nikalifunua pazia. Sikumtukana mtu, maana hata matusi yangu niliona hawayastahili. Nikamfungua mdogo wangu kitambaa, nikaichukua mashine mkononi mwa mume wangu, naye akaiachia.

"Njoo huku," nikamwambia. "Kwangu mtu anabishiwa."

Nikamkalisha kwenye kiti changu cha plastiki, nikavuta pazia.

"Haya, sema tena."

"Dada, acha."

"Sema."

"Mpira siujui."

"Muongo," nikamwambia. "Inamisha kichwa."

Akainamisha. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, kwa hiyo nikazima mashine, nikasubiri.