Iko D

Tayari umeangalia kando. Umeona ni habari za kompyuta, ukasema hayo ni ya vijana. Hata mimi niliangalia kando, na mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi.

Kompyuta yenyewe ilikaa chini ya televisheni, nyumbani kwetu Skuta. Ndani yake, katika video, alikuwamo mama yetu, Watiri, akisimulia kwa dakika arobaini jinsi wakoloni walivyowafungia katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba, na mahali hasa walipomfukia kaka yake, Kihara. Nilimrekodi miaka minane iliyopita. Mwaka jana alipigwa na kiharusi, kikamvuruga kumbukumbu. Tangu hapo, masimulizi yale yalikuwa hai mahali pamoja tu.

Kisha mfumo wa kompyuta ukaanza kunisumbua: mashine hii imezeeka, tafuta nyingine. Nilifura. Nimeona bei ya kahawa yetu ikipangwa na watu wasiowahi kuchuma hata debe moja. Sasa hata kumtazama mama yangu niombe ruhusa?

"Si tununue kale kasanduku ka Android," akasema dada yangu, Wachuka. "Unachomeka kwa tivii, unafungua akaunti, imeisha."

"Akaunti! Ndiyo wajue tunatazama nini?"

"Ati wajue nini? Wewe Theuri unaweza kugombana hata na redio."

"Naweka mfumo wa Linux. Ni ya bure na haina bwana."

"Haya, mwanamapinduzi. Lakini kwanza toa hiyo video uweke kwa flashi."

"Iko D," nikamkata.

Huku kwetu kila fundi anayekuuzia kompyuta kuukuu hukuagiza hivyo: vitu vyako weka D, C ikiharibika D haiguswi. Mimi niliyejifundisha kila kitu niliamini D ni diski nyingine. Kumbe ni diski moja iliyogawanywa, kama shamba lililopigwa ua katikati. Programu ya kuweka Linux ikaniuliza kama nataka kufuta diski yote. Nikabonyeza ndiyo, moyoni ningali nabishana na Wachuka.

Linux iliwaka upesi, safi, tulivu. Tupu.

Nilimpelekea fundi mmoja Karatina. Alihangaika nayo siku mbili, akanirudishia bila kuniangalia. "Umeandika mapya juu ya yale ya zamani, mzee. Hakuna kitu."

Wachuka hakunigombeza. Heri angenigombeza. Mfumo niliochagua ni mzuri, na hilo silirudishi nyuma. Ila niliuchagua ili nimshinde dada yangu, na ushindi hauna picha ya kutazama.

Asubuhi iliyofuata niliketi karibu na Mama juani, simu mkononi, ikirekodi.

"Mama, Kihara walimfukia wapi?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Kihara," akasema polepole. Kisha akacheka. "Huyo alikuwa anaiba viazi vitamu vikiwa bado jikoni."

Hayo ndiyo yote niliyopata. Sekunde kumi na tisa, basi.

Na wewe, mama yako bado anakumbuka? Baba? Usiniambie utafanya Jumapili baada ya kanisa. Weka chini haya maandishi, nenda ukae naye, mwulize jambo lile mnaloliogopa nyumbani, urekodi, kisha unakili kwenye vitu vitatu unavyoweza kuvishika kwa mkono. Inuka. Sasa hivi.