Kadi ya Kasimiri

Mie funguo za chumba cha kompyuta simpi mtu. Hata meneja alikuwaga anabisha hodi, nachungulia kwanza. Shirika letu la kusambaza dawa pale Chang'ombe lilikuwa na mashine mbili: kuukuu ya majaribio, aliyoishika Roshan Remtulla, na mpya ya kazi yenyewe, hiyo yangu. Siku zile programu ilikuwa fungu la kadi zenye matundu. Kasimiri anaandika, Roshan anajaribu, mie naendesha. Roshan akiridhika, anazibana kadi pamoja na kuzipiga mstari mwekundu wa mshazari ubavuni. Ukichomeka kadi ngeni baadaye, mstari unakatika hapo hapo.

Kipindupindu kilipoingia kusini, programu ya Kasimiri ndiyo iliyopanga kila kijiji kishushiwe dawa kiasi gani. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, kwa hiyo ilibidi aibadilishe. Aliponiletea kadi, malori yalikuwa yameshawasha injini uani. Nikazigeuza ubavu. Mstari umekatika.

"Kasimiri, hii nini?"

"Kadi moja tu, Mngoni wewe. Fungua mlango."

"Imepita kwa Roshan?"

"Nimeichomeka sasa hivi. Itapitaje?"

"Basi rudi nayo, Mhehe mkubwa!"

Sie ni watani. Tulikuwa tukitukanana kutwa nzima, na chai tunakunywa pamoja. Akanyoosha mkono kunipokonya funguo, kama alivyozoea kuninyang'anya maandazi. Nikamchapa mkono.

"Weee! Andazi chukua. Funguo, ng'o!"

Safari hii hakucheka. "Tekla, kijiji nilichokisahau ni Lihangwe. Kwa mama yako. Ugonjwa umeshafika huko."

Mlango ulikuwa nyuma yangu, funguo mkononi, nani angejua? Nilimchukia Kasimiri, nikamchukia na Roshan na mstari wake. Halafu nikazikwapua zile kadi.

"Twende kwa Roshan. Mbio!"

Madereva walituzomea tulipokatiza uani. Roshan hakupoteza muda, akazitia kadi mashineni. Ile kuukuu ilisaga taratibu mpaka nikatamani kuipiga teke. Karatasi ilipotoka, Roshan akaipitishia kidole.

"Lihangwe ipo," akasema. "Namatuki haipo tena."

Kumbe Kasimiri, kwa haraka zake, alikuwa ameipa Lihangwe namba ya Namatuki, kijiji jirani. Akashika kichwa. "Mungu wangu!" Sikumtania. Akatoboa kadi nyingine, Roshan akajaribu upya, akapiga mstari mpya, nami nikafungua mlango wangu na kuendesha. Malori ya asubuhi yaliondoka adhuhuri.

Mama aliugua, akapona. Nilipokwenda kumwona alilalamika kwamba dawa zilichelewa. Jirani yake, Yuliana, alikata roho wakati lori linaingia kijijini.

"Mama," nikasema, "aliyelichelewesha ni mie."

Nikamweleza yote, sikuficha kitu. Akawa anakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Na Namatuki walishushiwa dawa?"

"Walishushiwa, mama. Zote."

"Basi ulitenda sawa," akasema. "Lakini wanawe Yuliana utawaambia mwenyewe."

Nikavaa viatu, nikaenda.